Sura ya Sita: Mtoto Aliyeitwa Dæhlie

Tarehe 12 Februari 1998, katika viwanja vya Hakuba karibu na mji wa Nagano, Japani, mvua ilikuwa ikiinyeshea theluji. Wajuzi wa skii hawaipendi hali hiyo hata kidogo. Theluji kavu hukupeleka. Theluji iliyorowa hujishika chini ya mbao, ikajaa mabonge, na kila hatua mkimbiaji akawa anainua mzigo asioutaka. Mbio zenyewe zilikuwa za kilomita 10 kwa mtindo wa jadi, ule ambao skii hupita ndani ya mifereji miwili iliyochongwa, mguu huu mbele, mguu huu nyuma, na fimbo mbili za kusukumia. Wakimbiaji huachiwa mmoja mmoja, kwa hiyo mtu hupigana na saa kuliko anavyopigana na mwenziwe.

Aliyeishinda saa siku hiyo ni Bjørn Dæhlie wa Norway, kwa dakika 27 na sekunde 24. Nyuma yake akaja Markus Gandler wa Austria, kisha Mika Myllylä wa Finland. Baada yao wakaingia makumi kwa makumi, wakavua mbao zao, wakajifunika mablanketi, wakaondoka. Njiani akabaki mtu mmoja. Alikuwa ameanguka na kuinuka zaidi ya mara moja, mvua ikimpiga, na alipouvuka mstari saa ilisoma dakika 47 na sekunde 25. Alikuwa wa 92 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Jina lake Philip Kimely Boit, mkulima na mkimbiaji wa mita 800 kutoka upande wa Eldoret, Mkenya wa kwanza kushindana katika Olimpiki ya majira ya baridi.

Dæhlie alikuwa hajaondoka. Bingwa huyo, ambaye hadi anastaafu alikuwa na medali 12 za Olimpiki, nane kati yake za dhahabu, alisimama kwenye mstari dakika ishirini nzima, na sherehe ya medali ikabidi ingoje. Boit alipofika, Mnorwe akamkumbatia. Picha ile ikazunguka dunia nzima. Mwaka huohuo Boit akajaliwa mwana wa kiume, akamwita Dæhlie.

Nilipokisimulia kisa hiki kwa mzee mmoja wa Mbwajumali, aliyekula umri wake baharini, nilitaraji acheke. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, na baba yake huyo wa mwisho alikuwa na chombo?”

Kwa swali hilo aliingia moja kwa moja katikati ya kitabu hiki. Hakutaka kujua kama Boit alikuwa na nguvu, wala kama alifanya mazoezi ya kutosha. Alitaka kujua amerithi nini. Kumjibu itabidi twende kwanza bara, nyanda za juu, kisha turudi kisiwani Pate.

Boit lilikuwa jina kubwa huko kwao kabla Philip hajavaa skii. Mike Boit, wa ukoo huohuo, alikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa mita 800 duniani katika miaka ya 1970. Munich mwaka 1972 alichukua shaba ya mita 800 nyuma ya Dave Wottle wa Marekani na Yevhen Arzhanov wa Muungano wa Kisovieti, kisha akawa wa nne katika mita 1500, mbio ambazo Pekka Vasala wa Finland alimpokonya Kipchoge Keino dhahabu. Mwaka 1978 huko Edmonton alitwaa dhahabu ya mita 800 ya Jumuiya ya Madola. Kilichomnyima zaidi ni siasa: Kenya ilisusia Montreal mwaka 1976, na Moscow mwaka 1980, yaani miaka ileile aliyokuwa katika ubora wake. Hakuketi kulilia bahati. Alisoma Marekani hadi shahada ya uzamivu, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na akashika pia ofisi ya Kamishna wa Michezo. Kwa kijana wa ukoo ule, kukimbia ilikuwa njia inayojulikana inakoanzia na inakofikisha.

Na njia yenyewe haina malango. Barabara ya vumbi ya Nandi au Uasin Gishu haimdai mtu kiingilio. Mtoto huikanyaga akienda shule, akitumwa dukani, akifuata ng'ombe. Hatua elfu za kila siku huwa mazoezi kabla hajajua kuwa kuna kitu kinaitwa mazoezi. Wanasayansi wamechunguza miguu, mapafu na urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari, na wana haki ya kuchunguza. Mimi nadhani wasiisahau ile barabara.

Mwaka 1996 kampuni ya viatu ya Nike ilikuja na wazo la ajabu. Ikiwa Wakenya wanawashinda watu wote kwenye ardhi kavu, je, mapafu yale hayatafaa kwenye theluji? Wakachaguliwa wawili, Philip Boit na Henry Bitok, wakapelekwa Finland mwezi Februari, kipindi ambacho baridi ya kule hushuka chini kabisa ya sifuri. Walikuwa hawajaigusa theluji maishani mwao. Kambi yao ilikuwa Kontiolahti, mashariki mwa nchi, chini ya kocha Jussi Lehtinen. Wakafundishwa kusimama, kisha kuanguka, kisha kupanda mlima bila kurudi nyuma. Miaka miwili baadaye mmoja wao alikuwa Olimpiki. Wapo waliosema ni tangazo la biashara lililovishwa bendera ya taifa, na sioni sababu ya kuwabishia. Lakini dakika 47 zile hazikukimbiwa na kampuni. Zilikimbiwa na mtu aliyekuwa na haki ya kukaa kando akasema hali ya hewa imemshinda, asikae.

Sasa turudi Mbwajumali.

Mji huu uko upande wa Faza wa kisiwa cha Pate, jirani na Kizingitini na Tundwa, na watu wake wengi ni Wabajuni. Hapa mwaka hugawanywa na pepo. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi, bahari ikawa ya kusafiri. Kusi huingia baada ya hapo, na katikati yake huja kipupwe, miezi ya Juni hadi Agosti, wakati bahari imechafuka nje ya miamba na wavuvi wengi hubaki ndani ya mikondo au ufukweni wakishona nyavu na kutengeneza vyombo. Hicho ndicho kipindi cha baridi cha kwetu, na ndicho darasa. Chombo kikiwa kimepandishwa mchangani, mtoto hupata nafasi ya kukiona chote, hata sehemu ambazo siku nyingine huwa chini ya maji.

Mafunzo huanza na kazi zisizo na sifa. Mtoto huchota maji yaliyoingia chomboni. Hushika kamba asiyojua inakwenda wapi. Humletea fundi pamba na nyundo ya kukalafatia, yaani kuziba mianya ya mbao. Hupaka sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu inayokufuata hadi kitandani. Chini ya chombo, pale panapolala majini, hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili mbao zisiliwe na mdudu na ili chombo kiteleze. Wasomaji wa bara waniwie radhi kwa harufu hii yote, lakini ndipo ukoo wa bahari unapokaa. Anayepaka deheni akiwa na miaka kumi huja kujua kwa nini mashua ya jirani inapita haraka na ya kwao haipiti, na ujuzi huo hakuna aliyemketisha akamfundisha.

Ajabu ni kwamba wana wa theluji wanalo jambo hilohilo. Chini ya skii za mtindo wa jadi hupakwa nta za aina mbili: ya kuteleza kwenye ncha zote mbili, na ya kushika katikati, chini ya unyayo, ili mkimbiaji akiukandamiza mguu mbao isirudi nyuma. Nta hubadilishwa kulingana na theluji ya siku hiyo: ni ya leo au ya juzi, imerowa au imekauka, ni baridi kiasi gani. Timu kubwa huja na mafundi wa nta wasio na kazi nyingine. Katika siku ya mvua kama ile ya Hakuba, fundi wa nta anaweza kukupa au kukunyang'anya dakika nzima. Deheni na nta ni ndugu, na kama ulivyo ujuzi wa deheni, ujuzi wa nta huwa mikononi mwa watu waliokulia pembeni yake.

Mashindano ya mashua ndipo urithi huu unapoonekana hadharani. Katika Tamasha la Utamaduni la Lamu, na siku nyingine za sherehe, vyombo vya vijiji huja kushindana, na kila kijiji huja na watu wake wa kukipigia kelele chombo chake. Tanga huwa moja, kubwa kuliko la kazi. Ubao hutolewa nje upande wa joshini, upande unakotoka upepo, na mabaharia huukalia mmoja baada ya mwingine ili uzito wao ukizuie chombo kisipinduke. Kazi ngumu ni kupiga bisho, kupanda dhidi ya upepo kwa kwenda mshazari, kisha kugeuza. Foromali, ule mti mrefu unaolibeba tanga, lazima upitishwe mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, watu wakihama, nahodha akishika usukani na kutoa amri fupi ambazo mgeni hazielewi. Hapo ndipo chombo hushinda au hushindwa. Watazamaji walio pwani hawamtazami nahodha. Humtazama aliyeshika demani, kamba ya tanga, kwa kuwa wanajua baba yake aliishikaje.

Wahenga wa pwani walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Husomwa mara nyingi kama methali ya damu: mtoto hufanana na mzazi. Mimi naisoma kama methali ya kiwanda. Mwana wa mhunzi huvukuta kwa sababu mivukuto iko uani, moto umewashwa tangu alfajiri, na kuna mtu mzima anayemwita aje ashike. Ondoa uani, ondoa moto, ondoa anayemwita, halafu utuambie damu peke yake itamfikisha wapi.

Hilo si nadharia kwa watu wa Lamu. Ujenzi wa bandari mpya upande wa Kililana uliziba na kuharibu sehemu za uvuvi zilizokuwa zikitumiwa na vizazi kwa vizazi. Wavuvi wakaenda mahakamani, na mwezi Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu ile imesomwa kwa pande nyingi, ya mazingira na ya haki. Kwa sura hii ninaisoma kama ushahidi kwamba mahali pa kufanyia kazi ni sehemu ya urithi wenyewe, na kwamba mtu akipapoteza amepoteza kitu ambacho mahakama inaweza kukihesabu kwa fedha.

Tukiwa na hilo mkononi, tuwatazame wenye theluji. Norway huwa inaongoza dunia katika skii za masafa, na wengi husema Wanorwe huzaliwa na mbao miguuni. Huo ni usemi wa kujivuna, lakini ukiuchimba utakuta babu. Johannes Høsflot Klæbo, aliyechukua dhahabu tatu Pyeongchang mwaka 2018 akiwa na miaka 21, kocha wake tangu utoto ni Kåre Høsflot, baba wa mama yake. Babu hakumpa mjukuu mapafu tu. Alimpa saa za jioni, njia zenye taa, nta, na jicho la mtu anayejua kosa la goti kabla halijawa maumivu. Na nyuma ya babu iko nchi yenye njia za skii zinazopita nyuma ya nyumba za watu, bure, kama barabara ya vumbi ya Nandi.

Waafrika waliofika Olimpiki ya baridi kabla na baada ya Boit nao wana hadithi ya mahali. Lamine Guèye wa Senegal, Mwafrika mweusi wa kwanza kuteremka mlima katika Olimpiki, Sarajevo mwaka 1984, alikuwa mjukuu wa mwanasiasa mashuhuri aliyebeba jina hilohilo. Lakini babu huyo hakumrithisha skii. Skii alizipata Uswisi alikopelekwa kusoma. Robel Teklemariam alizaliwa Addis Ababa, mama yake akawa na kazi katika Umoja wa Mataifa, na kijana akasomea Lake Placid, mji wa Marekani uliowahi kuandaa Olimpiki ya baridi mara mbili. Torino mwaka 2006 akawa Mhabeshi wa kwanza katika michezo hiyo. Katika kilomita 15 alikuwa wa 83, na nyuma yake kidogo, wa 91, alikuwa Philip Boit. Mmoja alikulia pembeni ya theluji, mwingine aliifuata akiwa mtu mzima wa miaka 24, na tofauti yao ilikuwa nafasi nane tu. Kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kwa Boit kuliko picha ya Nagano.

Maana Boit aliendelea. Baada ya Nagano fedha za Nike zilikatika, na wengi walidhani mchezo umekwisha. Yeye akanunua muda kwa njia zake. Alijifunga skii zenye magurudumu, akasukuma kwa fimbo kwenye lami za upande wa Eldoret, wenye matatu wakimpigia honi na watoto wakimkimbilia. Salt Lake City mwaka 2002 alikuwa wa 64 katika mbio fupi za kilomita moja na nusu. Torino hakuwa wa mwisho. Vancouver mwaka 2010 alikosa viwango vya kufuzu. Mwaka 2011, akikaribia miaka 40, alisimama kwenye mashindano ya dunia mjini Oslo, katika nchi ya Dæhlie, mbele ya umati uliolijua jina lake vizuri kuliko walivyolijua Wakenya wengi.

Na mwana aliyepewa jina? Katika desturi za Wakalenjin mtoto huitwa kwa tukio la kuzaliwa kwake: aliyezaliwa mvua ikinyesha, aliyezaliwa jioni, aliyezaliwa mbuzi wakirudi zizini. Kwa kipimo hicho Dæhlie ni jina la desturi kabisa, kwani linataja lililotokea mwaka ule. Kwamba ni la Kinorwe halikuwasumbua. Lakini jina si uwanja. Mtoto wa Boit alizaliwa na ukoo wa wakimbiaji na jina la bingwa wa theluji, na alipofungua mlango alikuta mahindi na barabara ya vumbi. Theluji iliyo karibu iko juu ya Mlima Kenya, kwenye barafu zinazozidi kuyeyuka, pahali pa wapanda milima wenye kamba, si pa mtu wa mbio. Nairobi kuna uwanja wa barafu ndani ya Hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005, na timu ya mpira wa magongo wa barafuni, Ice Lions, imeota mizizi humo. Huo ni mwanzo mzuri wa ukoo mwingine, ila hauna kilomita 10 za kupanda na kushuka.

Tangu Torino Kenya ilikaa Olimpiki mbili za baridi bila mtu. Aliyeukata ukimya huo hakutoka Bonde la Ufa. Alitoka kwetu pwani.

Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwezi Aprili 1998, wiki chache baada ya dakika ishirini za Hakuba. Akiwa na miaka mitatu alihamia Austria pamoja na mama yake, aliyeolewa na Mwaustria, Josef Simader. Kwa kweli hapa ndipo penye kiini cha sura nzima. Bwana Josef alikuwa na kamba ya kupandishia watu mlimani, katika mji mdogo wa Austria ya Juu. Mtoto wa Kilifi, ambaye angekulia kwenye kidimbwi cha maji kupwa akitafuta kaa, akakuta mlango wa nyumba yake unafungukia mteremko. Baba yake wa kambo akamvalisha mbao. Hakuwa na tone la damu yake, naye akamrithisha alichokuwa nacho, kamba na mlima na saa za jioni, kama yule babu wa Norway. Josef alifariki mwaka 2012, Sabrina akiwa na miaka 14. Mama ndiye aliyebaki kushika usukani.

Michezo ya mteremko ni ghali kuliko ya masafa. Mteremkaji huhitaji jozi kadhaa za skii, za mbio za kasi na za kukata kona, na fundi wa kunoa ncha zake za chuma kila usiku. Huhitaji kupanda barafu za juu milimani wakati wa kiangazi, wakati mabonde yamekauka. Huhitaji safari, bima, daktari. Binti wa timu ya Austria huvikuta hivyo vyote vimeandaliwa. Binti anayeiteremkia Kenya hana shirikisho lenye mlima wala mafundi, kwa hiyo alichokuwa nacho kilitoka mfukoni kwa familia na kwa wafadhili wachache waliosadiki. Angeweza kuomba kuteremka chini ya bendera ya nchi iliyomlea. Aliteremka kwa ya Kilifi.

Alishiriki Olimpiki ya vijana Lillehammer mwaka 2016, kisha Pyeongchang mwezi Februari 2018, akiwa mbeba bendera na Mkenya pekee. Katika slalom kubwa hakumaliza. Tarehe 17 Februari alisimama kileleni kwa ajili ya Super-G, mbio za kasi ambazo mteremkaji huruhusiwa kuukagua mlima mara moja tu asubuhi, bila jaribio hata moja. Alimaliza wa 38.

Mbio hizo zina jambo lingine la kusimulia, na ningekuwa mchoyo nikiliacha. Baada ya wakubwa wote kushuka, Anna Veith wa Austria akiwa tayari anapongezwa kwa dhahabu, aliteremka Mcheki mmoja mwenye namba 26 kifuani, Ester Ledecká, mtu wa ubao wa theluji zaidi kuliko wa skii. Alipoutazama ubao wa matokeo hakuamini. Alikuwa amemshinda Veith kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Alibaki amevaa miwani yake ya mlimani hata mbele ya waandishi, akasema hakujipamba kwa kuwa hakutegemea kusimama pale. Siku saba baadaye akachukua dhahabu ya ubao wa theluji pia. Watu wakasema ni muujiza. Babu yake mzaa mama ni Jan Klapáč, aliyechezea Czechoslovakia mpira wa magongo wa barafuni, akachukua shaba ya Olimpiki Innsbruck mwaka 1964, fedha Grenoble mwaka 1968, na ubingwa wa dunia mwaka 1972. Ester alikulia katika nyumba iliyokuwa na medali za barafu ukutani na babu wa kuzieleza. Kwa hiyo mabinti wawili waliteremka mlima mmoja, siku moja. Nyuma ya mmoja kulikuwa na vizazi vitatu. Nyuma ya mwingine, baba wa kambo aliyekwishakufa na mama anayehesabu nauli.

Nilimpelekea habari hii yule mzee wa Mbwajumali, kwa kuwa nilikuwa sijalijibu swali lake. Nikamwambia Boit hakukuta chombo kwao, lakini binti wa Kilifi alikikuta kwa baba wa kambo. Akafikiri kidogo, akiendelea kusokota uzi wake.

“Basi huyo binti ni mwana wa nahodha,” akasema. “Huyo wa kwanza alipanda chombo cha kukodi.”

“Na chombo cha kukodi hakifiki, mzee?”

“Hufika. Ila mwenyewe akikitaka, unashuka.”

Sina neno la kuongeza juu ya Nike. Naongeza moja tu juu ya binti: hata chombo cha kurithi hutaka deheni kila msimu, na deheni ni fedha. Michezo ya Beijing ilipofika mwezi Februari 2022, Kenya haikuwa na mtu. Ledecká alikuwepo, akaitetea dhahabu yake ya ubao wa theluji, na katika Super-G akawa wa tano. Simader alikuwa na miaka 23, umri ambao wateremkaji wengi wa mbio za kasi ndio kwanza wanaanza kushinda.